Matusi Hayaimbi

Kuna imani moja hapa mjini ambayo imenichosha kabisa: ati ukitaka kazi safi kutoka kwa watu, lazima kwanza uwavunje. Mnaijua. Bosi akirusha faili ukutani tunasema ni mtu wa viwango. Produsa akimliza msanii studioni tunasema, "Jamaa ni mkali, lakini kazi yake si unaiskia?" Halafu kuna filamu ya Whiplash ya 2014, ambamo mwalimu wa jazi anamrushia mwanafunzi kiti kwa sababu ya mdundo. Watu wanatumiana vipande vyake asubuhi kama mahubiri, eti hivyo ndivyo ukubwa unavyozaliwa.

Mimi sikubali. Na sitawaletea maneno laini ya kubembelezana. Nitawaletea shahidi kutoka kwenye nyumba ileile ambako dini hii ya kufoka ilijengewa madhabahu: opera ya Italia. Shahidi wangu ni Claudio Abbado, mzaliwa wa Milano wa 1933, aliyefariki Bologna Januari 2014. Alikuwa kondakta. Si yule wa matatu anayening'inia mlangoni. Ni yule anayesimama mbele ya okestra akiwa na kifimbo, asipige noti hata moja, lakini muziki ukiharibika yeye ndiye wa kwanza kulaumiwa.

Opera ni mahali pazuri pa kupima jambo hili kwa sababu hakuna kazi ya muziki yenye mambo mengi kuliko hiyo. Wapigaji wamekaa shimoni chini ya jukwaa. Waimbaji wako juu, wamevaa mavazi mazito, wanatembea, wanapigana kwa panga, wanakufa. Kwaya iko nyuma yao. Zaidi ya watu 100 lazima wavute pumzi pamoja, na anayewaunganisha ni mtu mmoja. Kama kweli hofu ndiyo gundi ya ubora, basi hapa ndipo tungeiona ikishika.

Wanaoamini hivyo wana mtakatifu wao: Arturo Toscanini, mwana wa fundi cherehani wa Parma, aliyezaliwa 1867. Mwaka wa 1886, akiwa mpiga chelo wa miaka 19 katika kundi la Waitalia lililokuwa Rio de Janeiro, alisukumwa mbele ghafla kuiongoza Aida, na akaiongoza bila kufungua karatasi za noti. Ndiye aliyeongoza onyesho la kwanza kabisa la La bohème kule Torino 1896 na la Turandot kule Milano 1926. Alikuwa jitu, hilo halina mjadala. Lakini pia alikuwa mtu wa kuvunja vifimbo na kuwatukana wapigaji mpaka sauti ikauke. Mazoezi yake na okestra ya redio ya NBC, Marekani, yalirekodiwa, na mpaka leo kuna watu wanaosikiliza makelele yale kwa raha zaidi ya muziki wenyewe.

Tuwe wa haki. Toscanini alikuwa na ujasiri ambao wengi wetu hatuna. Mei 1931, kule Bologna, alikataa kupiga wimbo wa Wafashisti kabla ya tamasha, na akapigwa makofi mlangoni na wafuasi wa Mussolini. Mwaka wa 1933 alikataa kwenda Bayreuth kwa sababu ya Hitler. Heshima zake tunampa. Lakini angalieni ujanja unaofanyika hapo. Watu huchukua hasira yake dhidi ya dikteta, wakaichanganya na hasira yake dhidi ya mpiga fidla aliyechelewa nusu mdundo, halafu wakatuuzia zote mbili kama kitu kimoja. Si kitu kimoja. Kumfokea mwenye bunduki ni ushujaa. Kumfokea mwenye fidla, ambaye mshahara wake uko mkononi mwako, huo ni ubabe tu, hata ukiwa na masikio ya malaika.

Abbado alimwona Toscanini kwenye mazoezi akiwa bado kijana mdogo. Baadaye alieleza kwamba ukali ule ulimchukiza. Kilichomvuta kwenye kazi hii kilikuwa kitu kingine: akiwa mtoto, ndani ya ukumbi wa La Scala, alimsikia Antonio Guarnieri akiongoza Nocturnes za Debussy. Guarnieri alisifika kwa mikono midogo, mtu asiyepoteza ishara hata moja. Yaani mtoto yule aliona njia mbili za kuwa mkubwa, akachagua ile isiyo na kelele. Alipoenda kusoma Vienna, yeye na rafikiye Zubin Mehta walijiunga na kwaya ili waweze kukaa ndani ya mazoezi ya makondakta wakubwa na kuwatazama kutoka upande wa waimbaji. Hicho kidokezo usikiruke. Alijifunza kuongoza akiwa amesimama mahali anaposimama anayeongozwa.

Mwaka wa 1968 akawa mkurugenzi wa muziki wa La Scala. Alikaa pale mpaka 1986. Hapo ndipo kesi yangu inapoanza kuwa na vielelezo, kwa sababu rekodi zipo na yeyote mwenye bando anaweza kuzisikiliza.

Chukua Macbeth ya Verdi, iliyorekodiwa 1976. Nenda moja kwa moja mwanzo wa tendo la nne, pale wakimbizi wa Uskoti wanapoomboleza nchi yao iliyogeuzwa kaburi na mtawala mmoja. Ni kwaya tupu, na wanaimba kwa sauti ya chini mno. Sikiliza vile wanaingia: hakuna anayetangulia, hakuna anayechelewa, na ingawa ni wanong'onaji kibao, unasikia kila silabi. Mkufunzi wa kwaya hiyo alikuwa Romano Gandolfi, na heshima hiyo ni yake vilevile.

Sasa niwaambie kwa nini hapo hofu haiwezi kukufikisha. Nimeimba sauti ya tenor katika kwaya moja hapa Nairobi, sitaitaja. Mwalimu wetu alikuwa na kipaji, na alikuwa na mdomo. Alituita mbuzi, alituita magunia, na siku moja alimsimamisha dada mmoja wa alto peke yake akaimba mstari uleule mara tisa mbele ya watu 40, mpaka sauti ikamkatika. Dada huyo hakurudi. Kilichotokea kwa sisi tuliobaki si kwamba tuliimba vizuri zaidi. Tulijifunza kujificha. Ukiogopa kukosea, humpi kondakta sauti. Unafungua mdomo kidogo, unangoja jirani aanze ndipo umfuate. Na jirani naye anakungoja wewe. Basi kila mwanzo wa mstari ulikuwa umechelewa na hauna meno. Mwalimu akisikia hivyo anazidi kufoka, na sisi tunazidi kujificha. Kuimba kwa nguvu ukiwa na woga inawezekana, unapiga tu ukelele. Lakini kuimba kwa sauti ya chini na uingie kwa wakati, bila kumtegea mwenzako, hiyo inataka mtu asiyeogopa. Nikiiskia ile kwaya ya Macbeth najua, kwa koo langu, kwamba wale watu hawakuwa wanajificha.

Chukua kielelezo cha pili: Simon Boccanegra, iliyorekodiwa Januari 1977. Opera hii ya Verdi ilianguka vibaya ilipotoka Venezia 1857. Verdi akaifanyia ukarabati mkubwa 1881 akisaidiwa na Arrigo Boito, na bado kwa miaka mingi watu waliiona kama mtoto wa kambo. Ni habari ya mtu aliyekuwa haramia, akachaguliwa kutawala Genova, mji uliogawanyika kati ya matajiri na walalahoi wanaotaka kuchinjana. Katikati yake kuna kikao cha baraza ambapo mtawala anasimama kati ya pande mbili na kuwasihi waache kumwaga damu ya ndugu. Abbado na mwelekezi Giorgio Strehler waliipandisha jukwaani La Scala Desemba 1971. Hesabu sasa: kutoka jukwaa hilo hadi studio ni zaidi ya miaka mitano. Piero Cappuccilli, Mirella Freni na Nicolai Ghiaurov hawakuingia studio kukisia wahusika wao. Walikuwa wameshawaishi.

Hiyo ndiyo siri ambayo wapenda matusi hawataki kuisikia, kwa sababu haina tamthilia. Ubora ule ulitokana na muda. Ulitokana na watu walewale kurudi kwenye kazi ileile mwaka baada ya mwaka na kusikilizana. Hata alipoongoza Il barbiere di Siviglia ya Rossini, iliyorekodiwa 1971, Abbado alitumia noti zilizosafishwa na mtafiti Alberto Zedda, aliyerudi kwenye maandishi ya zamani na kuondoa uchafu ambao mazoea yalikuwa yameurundika. Kosa lilikuwa kwenye karatasi! Ungewafokea wapigaji hadi kesho na bado wangekuwa wanapiga makosa kwa usahihi. Wangapi kati yetu tumetukanwa kwa kosa lililokuwa kwenye maagizo?

Kielelezo cha tatu ndicho nikipendacho zaidi. Il viaggio a Reims, Rossini, 1825, iliandikwa kusherehekea kutawazwa kwa mfalme Charles X wa Ufaransa. Ikapigwa mara chache, Rossini akachukua sehemu kubwa ya muziki wake akautumia katika opera nyingine, na iliyobaki ikapotea. Watafiti wakaokoteza vipande, wakaviunganisha, na Agosti 1984 Abbado akaifufua Pesaro, mji aliozaliwa Rossini. Okestra ilikuwa Chamber Orchestra of Europe, vijana waliokuwa wameianzisha wenyewe 1981 baada ya kupitia okestra ya vijana ya Ulaya iliyokuwa chini yake. Kuna mahali ndani ya opera hiyo ambapo waimbaji 14 wa peke yao wanaimba kwa pamoja, kila mmoja na mstari wake. Waimbaji 14 wenye majina, kila mmoja na kichwa kikubwa! Sikiliza rekodi ile. Wanacheza. Ni kama kona ya rafiki zako wanaokatizana maneno na bado stori inaeleweka. Furaha ya aina hiyo haiamrishwi kwa kipaza sauti.

Najua mtakachosema. Kwanza, "Huyo alikuwa mtoto wa kishua." Ndiyo. Baba yake, Michelangelo Abbado, alikuwa mpiga fidla na mwalimu, na La Scala si ukumbi wa kanisa wenye mabati yanayovuja. Lakini pesa haielezi tofauti ninayoizungumzia, kwa sababu Toscanini naye alikuwa na La Scala, na baadaye akawa na okestra nzima iliyoundwa na NBC kwa ajili yake. Bajeti za wote wawili zilikuwa nono. Mmoja alifoka, mwingine hakufoka. Na usisahau kwamba huyo mtoto wa kishua ndiye aliyefungua La Scala kwa maonyesho ya wanafunzi na wafanyakazi, na pamoja na mpiga piano Maurizio Pollini na mtunzi Luigi Nono akapeleka muziki viwandani.

Pili, mtasema, "Lakini rekodi za Toscanini ni moto." Ni kweli. Falstaff yake ya 1950 ni moto kweli. Nionyesheni basi ni noti gani mle iliyozaliwa na tusi. Mimi naweza kuwaonyesha zilizozaliwa na kitu kingine: kumbukumbu iliyobeba opera nzima kichwani, mazoezi mengi, na mtu aliyekaa na kazi hiyo zaidi ya nusu karne. Matusi yalikuwepo chumbani, basi mnayapa sifa, kama mtu anayesema jogoo ndiye huleta jua. Isitoshe, mnawahesabu waliobaki tu. Yule dada wa alto hayumo kwenye rekodi yoyote. Aliyevunjika akaenda zake hawezi kutoa ushahidi kwamba mbinu ilifanya kazi.

Tatu, na hii ndiyo hoja nzito: "Upole ni ulegevu." Wako wapigaji wa Berlin waliolalamika kwamba Abbado kwenye mazoezi alisema kidogo mno, kwamba walitaka maagizo na yeye anawaambia wasikilizane. Nayachukulia malalamiko hayo kwa uzito, kwa sababu si kila mtu anapenda kuachiwa uhuru. Ukizoea kuburutwa, miguu husahau kutembea. Lakini kumbukeni alivyofika pale. Okestra ya Berlin humchagua kiongozi wake kwa kura za wapigaji wenyewe. Karajan, aliyewatawala kwa zaidi ya miongo mitatu, alifariki Julai 1989. Oktoba wakapiga kura, na wakamchagua Abbado. Inasimuliwa kwamba alipoingia aliwaambia wamwite Claudio. Hebu fikiria ofisi yenu ikipewa kura ya siri kumchagua bosi. Nani angepita?

Na ulegevu uko wapi kwa mtu ambaye 1998 aliwaambia Berlin, okestra inayotamaniwa na kila kondakta duniani, kwamba mkataba wake ukiisha 2002 hataongeza? Mwaka wa 2008 alipoulizwa angerudi lini kuongoza Milano, alisema malipo yake yawe miti 90,000 ipandwe mjini. Mpango huo ulikwama, na mpaka Oktoba 2012 ndipo alipopanda tena jukwaa la La Scala, baada ya miaka 26. Huyo si mtu laini. Ni mtu mwenye msimamo ambaye hakuona haja ya kumtemea mtu mate usoni ili msimamo huo uonekane.

Lakini ushahidi unaomaliza kesi, kwangu mimi, ni Lucerne. Mwaka wa 2000 Abbado aligunduliwa na saratani ya tumbo, akakatwa sehemu kubwa ya tumbo, akarudi amekonda kama mti wa kiangazi. Mwaka wa 2003 akaunda upya okestra ya tamasha la Lucerne, Uswisi. Ni okestra ya majira ya joto, yaani wapigaji wanakuja wakati wa likizo zao. Na ni nani waliokuja? Natalia Gutman, mpiga chelo ambaye kumbi zilijaa kwa jina lake peke yake, alikaa kwenye safu pamoja na wengine. Sabine Meyer akaja na klarineti yake. Watu waliokuwa na kila sababu ya kukaa ufukweni na familia zao. Hakuna aliyewashika shati. Alikuwa mzee mgonjwa asiye na cheo cha kumpandisha mtu wala cha kumfuta mtu kazi, na walikuja mwaka baada ya mwaka.

Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza, na kinafaa kwaya ya mtaa, studio ya chumba kimoja, jikoni la hoteli na gazeti hili hili unalolisoma. Ondoa mshahara. Ondoa cheti, ondoa hofu ya kufutwa, ondoa jina utakaloandika kwenye barua ya kuomba kazi. Nani angerudi kufanya kazi na wewe? Kiongozi ambaye hawezi kupata hata watu wawili kwa masharti hayo hana viwango. Ana mateka.

Na wewe uliye chini, usikubali kuambiwa kwamba machozi yako ni karo ya ukubwa. Vijana wa Korogocho wanapiga fidla na tarumbeta kupitia Ghetto Classics. Wako wengine wanaotengeneza midundo kwa laptopu ya kuazima, na wengine wanaoandika drama usiku baada ya kazi. Wengi wao watakutana na mtu mwenye kipaji na mdomo, na mashabiki wake watawaambia wavumilie, ati ndivyo mambo yalivyo. Sivyo. Kulikuwa na mtu aliyeongoza La Scala miaka 18, akaachia dunia rekodi ambazo bado ni kigezo, na alifanya hivyo kwa kuwaomba watu wasikilizane. Mwaka wa 2013 Italia ilimpa useneta wa maisha. Mshahara wake akauelekeza kwenye ufadhili wa wanafunzi wa muziki kule Fiesole. Alipofariki miezi michache baadaye, okestra ya La Scala, ikiongozwa na Daniel Barenboim, ilipiga maombolezo ya Beethoven ndani ya ukumbi mtupu, milango ikiwa wazi, na maelfu ya watu wakasimama nje barabarani wakisikiliza, kimya.

Basi atakayekuita gunia kesho, mwambie unaondoka. Kama huwezi kuondoka kwa sababu ya kodi ya nyumba, na wengi hatuwezi, angalau usimwite mkubwa. Jina hilo tuliwekee mtu mwingine.